Uyoga Uliowashwa kwa Tochi: Uchambuzi wa Kisa cha Mng'ao wa Kutengenezwa

Kisa na wahusika wake

Kisa hiki kinahusu picha moja ya uyoga wa msituni iliyotengenezwa ili uyoga uonekane unawaka kutoka ndani yake. Picha ilifaulu kuliko tulivyotarajia, na kufaulu huko ndiko kulikotuletea matatizo. Wahusika ni watatu: mpiga picha, mhariri wa picha, na mchapishaji wa vijitabu vya sayansi kwa wanafunzi. Majina, mahali na jina la kijitabu vimeondolewa. Mhariri wa picha nilikuwa mimi, na msomaji ataona kwamba kosa kubwa kuliko yote lilifanyika mezani kwangu, wala halikufanyika msituni.

Usuli

Mpiga picha huyu alikuwa amezoea kupiga wadudu na mimea midogo kwa karibu, mchana, kwa mwanga wa kawaida. Alitaka kuandaa mfululizo wa picha za njozi: msitu uleule halisi, viumbe walewale halisi, ila kila kiumbe kiwe kama taa ndogo iliyoachwa gizani. Hakuwa na nia ya kumdanganya mtu yeyote. Katika daftari lake la maandalizi aliandika wazi kwamba mwanga utatoka kwenye tochi na kwamba picha zitahaririwa.

Kwa picha ya kwanza alichagua kishada cha uyoga chenye vichwa vitano, kilichoota ubavuni mwa gogo lililoanguka. Kofia kubwa ilikuwa na upana wa sentimita tano hivi, nyembamba, na ukiitazama dhidi ya mwanga uliona kunjo za upande wa chini kama mbavu. Wembamba huo ndio uliomvutia. Kofia nene ya uyoga huzuia mwanga na kubaki nyeusi kwa juu, lakini kofia nyembamba huupitisha na kuusambaza, kama kivuli cha taa kilichotengenezwa kwa karatasi. Gogo lenyewe lilikuwa limefunikwa na mimea midogo mororo inayopenda unyevunyevu. Hapa nitaiita zulia la kijani.

Usiku wa kwanza

Alifika kabla ya jua kutua, akaweka kamera kwenye stendi fupi karibu na ardhi, akafunga lenzi ya milimita 100 ya kupigia vitu vidogo. Mpango ulikuwa kupiga katika ile nusu saa ambayo anga bado lina ubuluu, ili mandhari ya nyuma yasiwe giza tupu. Alipunguza mwanga wa mazingira kwa stopu mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), akatumia tundu la lenzi la f/8, unyeti wa ISO 200 na sekunde nane za shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga.

Jaribio la kwanza lilikuwa lile ambalo karibu kila anayeanza hulifanya: alisimama nyuma ya gogo akamulika uyoga kwa tochi. Picha ilitoa uyoga wenye ukingo mweupe unaong'aa na tumbo jeusi, mithili ya mtu aliyemulikwa na gari kutoka nyuma. Mwanga ulikuwepo, na ulikuwa mzuri kwa namna yake, lakini jicho lilijua papo hapo kwamba chanzo chake kiko nje ya uyoga.

Jaribio la pili lilikuwa kuchomeka taa ndogo ya LED, kubwa kiasi cha punje ya mchele, chini ya kofia moja kwa moja. Safari hii mwanga ulitoka mahali panapostahili, ila ukaja na matatizo mengine. Nukta nyeupe ya taa ilionekana kati ya kunjo. Sehemu ya kofia iliyokuwa juu ya taa iliungua kwa weupe hadi mishipa yake yote ikapotea, na ile iliyokuwa mbali ikabaki giza. Baya zaidi, shina lilitupa kivuli kimoja kirefu chenye makali juu ya zulia la kijani. Kitu kinachowaka chenyewe kinaangaza kwa eneo lake zima, hivyo vivuli vyake huwa laini. Kivuli chenye makali ni ushahidi wa chanzo kidogo kilichofichwa.

Suluhisho alilipata jaribio la tatu, kwa vitu alivyokuwa navyo mfukoni. Alizungusha karatasi nyeusi kwenye mdomo wa tochi ndogo hadi ikawa bomba jembamba kama mrija wa kunywea. Mdomo wa bomba aliuziba kwa kipande cha karatasi laini ya kufutia ili mwanga utawanyike, na juu yake akaweka plastiki angavu ya rangi ya machungwa. Shata lilipofunguka aliusogeza mdomo wa bomba chini ya kofia kwa mwendo wa mduara, taratibu, bila kuuacha mahali pamoja, na mkono wake ukiwa nje ya fremu. Kwa kuwa bomba lilikuwa likitembea, kamera haikuliona. Kilichobaki kwenye picha ni jumla ya nafasi zote lilipopita, yaani mwanga usio na nukta wala kivuli kikali.

Hapo aliamua jambo la busara: badala ya kujaribu kuangaza vichwa vyote vitano ndani ya sekunde nane, alipiga fremu moja ya msingi, yaani picha moja ya kuanzia isiyo na tochi, kisha fremu moja kwa kila kichwa, bila kugusa kamera. Sababu aliyoitoa ni kwamba kichwa kimoja kikiharibika hurudii vyote vitano. Sababu hiyo inatosha, lakini ipo nyingine iliyokuja kutuokoa baadaye: kiasi cha mwanga wa kila kichwa kinaweza kupandishwa au kushushwa peke yake wakati wa kuhariri.

Kabla ya kufunga mizigo alijaribu pia tochi ya miale ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 365. Sehemu fulani za gogo ziliitikia kwa rangi ya buluu iliyopauka, uyoga wenyewe haukuitikia kwa kiasi cha kuonekana. Aliachana nayo. Ninaitaja kwa sababu wengi huchanganya mambo mawili: kiumbe kinachorudisha mwanga unaoonekana baada ya kupigwa na miale ya urujuanimno, kama nge anavyofanya kwa rangi ya kijani-buluu, na kiumbe kinachozalisha mwanga wake chenyewe gizani. Cha kwanza hakiwaki mpaka kimulikwe.

Mezani: fremu sita kuwa moja

Nilipokea fremu sita. Kwa haraka niliziunganisha kwa njia ambayo programu huchagua, kwa kila pikseli (nukta ndogo inayounda picha), ile iliyo angavu zaidi kati ya matabaka, yaani fremu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Matokeo yalipendeza kwa mbali. Nilipokuza picha hadi asilimia mia, niliona kati ya kila vichwa viwili jirani mshono mwembamba, kama mpaka wa maji mawili yasiyochanganyika. Ilinichukua muda kuelewa. Taa mbili zikiangaza ukuta mmoja, mahali zinapokutana mwanga wake hujumlika. Programu yangu ilikuwa inachagua mshindi mahali ambapo maumbile hujumlisha.

Nikajaribu kujumlisha. Mshono ukatoweka, lakini picha nzima ikaangaza kama mchana, kwa kuwa kila fremu ilikuwa na ubuluu wa jioni ndani yake, na kujumlisha fremu sita ni kuujumlisha ubuluu huo mara sita. Hakukuwa na njia safi ya kuuondoa. Mpiga picha alirudi msituni jioni ya pili. Safari hii fremu ya msingi ilipigwa wakati wa ubuluu, halafu akakaa karibu saa nzima kamera ikiwa palepale hadi giza likaingia kabisa, ndipo akapiga fremu tano za tochi. Fremu hizo hazikuwa na chochote ila mwanga wa tochi. Zilipojumlishwa juu ya fremu ya msingi, kila kitu kilikaa mahali pake. Kwa anayetaka kujaribu, tahadhari moja: programu nyingi hufanya hesabu juu ya thamani za pikseli ambazo tayari zimepindwa ziendane na jicho la binadamu, hivyo ujumlishaji wa moja kwa moja huzichoma sehemu angavu. Ama ufanye kazi katika hali ambayo thamani hazijapindwa, ama utumie njia ya kuchanganya matabaka inayoitwa skrini, ambayo hupunguza kasi kadiri inavyokaribia weupe.

Mezani: duara la mng'ao

Hadi hapo tulikuwa na uyoga ulioangazwa vizuri kutoka ndani, lakini ulikuwa bado hauna mng'ao, yaani ule utando laini wa mwanga unaoizunguka taa penye ukungu. Huo niliutengeneza kwa programu, na ndipo nilipokosea mara nyingi zaidi.

Kwanza nilitumia njia iliyoenezwa na mpiga picha Michael Orton katika miaka ya 1980. Yeye aliweka slaidi mbili pamoja, moja kali na nyingine iliyopotezwa fokasi, zote mbili zikiwa zimepigwa kwa mwanga mwingi kuliko kawaida. Leo hufanywa kwa kunakili tabaka, kulitia ukungu na kulichanganya na la chini. Nililiacha tabaka la ukungu kwa asilimia 40. Picha nzima ikawa kama imepigwa kupitia dirisha lenye mvuke, kwa kuwa njia hii inalainisha kila kitu, hata gome la gogo ambalo halikuwa na sababu yoyote ya kung'aa. Nilishuka hadi asilimia 12, nikaliwekea barakoa, yaani kizuizi cha programu kinachoficha sehemu za tabaka, ili liguse sehemu angavu pekee. Kuanzia hapo likaanza kusaidia.

Kisha nikachora duara la mng'ao kuzunguka kila kofia kwa brashi pana laini yenye rangi ya machungwa. Mpiga picha alilitazama akasema kitu ambacho sikukipenda wakati huo: "Mbona linaonekana kama stika?" Alikuwa sahihi, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni rangi. Duara langu lilikuwa na rangi moja kutoka kitovuni hadi ukingoni. Mwanga wa machungwa ulio mkali, ukifika kwenye kihisi cha kamera, hujaza kwanza chaneli nyekundu, moja ya zile tatu za rangi (nyekundu, kijani na buluu) zinazounda picha. Ikishajaa, kijani kinaendelea kupanda peke yake, na ndiyo maana kitovu cha moto wowote pichani huelekea manjano na hatimaye weupe, wakati wekundu uliokolea hubaki pembeni. Niligawa duara katika matabaka matatu: dogo lililokaribia weupe, la kati la manjano, na pana la machungwa yaliyoiva lakini hafifu sana.

Ya pili ni mahali. Mbele ya kofia ya tatu kulikuwa na jani jembamba lililokatiza picha, na duara langu lilikuwa limepita juu yake. Hapa mhariri analazimika kujiuliza swali ambalo wengi hulikwepa: mng'ao huu uko wapi? Kama ni mwanga uliotawanywa na matone ya ukungu hewani kuzunguka uyoga, basi sehemu kubwa yake iko nyuma ya jani, na jani linapaswa kuukata. Kama ni mwanga uliotawanyika ndani ya lenzi, basi unapita juu ya kila kitu, jani likiwemo, na hupunguza weusi wa sehemu zilizo karibu. Yote mawili yanawezekana katika picha halisi, lakini kila moja lina dalili zake. Mimi nilikuwa nimechora mng'ao wa hewani uliopita juu ya jani kama wa lenzi, huku weusi wa jani ukiachwa bila kuguswa. Nililitenga jani, nikauweka mng'ao mpana nyuma yake, nikaacha utando mwembamba sana wa lenzi juu yake.

Kulikuwa na jambo la tatu ambalo sisi wote wawili hatukuliona hadi picha ilipochapishwa kwa majaribio. Mwanga wa chanzo kidogo hupungua kwa mraba wa umbali. Kutoka sentimita tatu chini ya kofia hadi sentimita 12 kwenye zulia la kijani ni mara nne ya umbali, kwa hiyo mwanga unaofika ni sehemu moja ya 16, yaani pungufu kwa stopu nne. Fremu za tochi zilikuwa zimelitii sharti hilo zenyewe, bila mtu kulifikiria: zulia lililo chini ya uyoga lilipata wekundu kidogo, uliofifia haraka. Duara langu la programu lilienea mbali zaidi ya wekundu huo. Jicho liliona hewa inayowaka juu ya ardhi isiyowaka. Nililipunguza hadi likaishia pale wekundu wa ardhini ulipoishia, na huo ndio ulikuwa uhariri uliobadilisha picha kuliko mwingine wote.

Mwisho kulikuwa na pete. Nilikuwa nimefungua faili kwa biti nane kwa kila chaneli, yaani ngazi 256 tu kutoka weusi hadi weupe, na duara pana linalofifia gizani lilikuwa linatumia ngazi chache mno kati ya hizo. Kwenye karatasi zilitokea pete hafifu, kama zile zinazoonekana kwenye shina la mti lililokatwa. Ilinibidi nirudie kazi yote kutoka kwenye faili ghafi, yaani lile la kamera lisilochakatwa, kwa biti 16 na kuongeza chengachenga kidogo (vinukta vya nasibu) kwenye duara. Siku mbili za kazi zilipotea kwa kisanduku kimoja ambacho sikukiweka alama mwanzoni.

Picha inatoka mikononi mwetu

Mpiga picha aliiweka picha kwenye mkusanyo wake wa mtandaoni na maelezo mafupi yaliyosema kwamba ni uyoga halisi ulioangazwa kwa tochi, fremu sita zilizounganishwa, na mng'ao ulioongezwa kwa programu. Miezi kadhaa baadaye mchapishaji aliomba picha ya kofia zinazong'aa. Barua yake haikueleza matumizi zaidi ya kusema ni kijitabu kuhusu kuvu, na sisi hatukuuliza. Mpiga picha aliniomba niandae faili la kuchapishwa.

Nililiandaa kwa mpangilio niliozoea, ambao hupunguza ukubwa wa faili kwa kufuta taarifa zote za ndani, yakiwemo maelezo ya picha. Jina nililolipa lilikuwa namba ya oda tu. Faili lilifika kwa mchapishaji likiwa bubu. Mtu wa mpangilio wa kurasa aliona uyoga unaowaka na ukurasa uliohitaji uyoga unaowaka, akaiweka picha juu ya aya inayoeleza kuvu zinazozalisha mwanga zenyewe, na chini yake akaandika sentensi iliyosema kwamba uyoga huu hung'aa usiku.

Lalamiko

Kijitabu kilipokuwa tayari kimechapishwa, msomaji mmoja aliyebobea katika elimu ya kuvu alimwandikia mchapishaji. Hoja zake zilikuwa tatu na zote zilikuwa kweli. Kwanza, aina hiyo ya uyoga haimo katika zile zinazotoa mwanga. Kati ya maelfu mengi ya aina za kuvu zilizoelezwa na wanasayansi, zinazojulikana kutoa mwanga ni zaidi ya 100 kidogo tu. Pili, rangi haikuwezekana. Mwanga wa kuvu hutokea pale lusiferini, kemikali inayozalisha mwanga, inapoungana na oksijeni kwa msaada wa vimeng'enya vya lusiferezi, na katika aina zote zinazojulikana ni wa kijani, wenye kilele karibu na nanomita 520 hadi 530. Tatu, ukali wake haukuwezekana: uyoga wa kweli haungeweza kulitia rangi gogo jioni wakati anga bado lina ubuluu. Mwanga huo kwa kawaida huhitaji mtu akae gizani dakika 20 hadi 30 ili macho yazoee, na hata hapo wengi huuona kama weupe wa kijivu, kwa kuwa seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazitofautishi rangi.

Nakiri kwamba itikio langu la kwanza lilikuwa la kujitetea. Nilimwandikia mpiga picha kwamba sisi tuliuza picha na si ukurasa, na kwamba sentensi ya uongo haikuandikwa na sisi. Yeye hakubishana. Alinitumia faili nililolipeleka kwa mchapishaji, likiwa limefunguliwa upande wa taarifa, na sehemu ya maelezo ilikuwa tupu.

Maamuzi na matokeo

Mchapishaji aliondoa picha kwenye toleo la mtandaoni na kuweka kijikaratasi cha masahihisho ndani ya nakala ambazo hazijasambazwa. Zilizosambazwa hazikurudishwa. Sisi tulitoa mambo matatu bila malipo: fremu ya msingi isiyo na mwanga wa tochi, faili lenye maelezo kamili, na kurasa mbili zinazoonyesha hatua za kuitengeneza picha. Mchapishaji alipata kwa mtafiti mmoja picha ya kuvu inayong'aa kweli, iliyopigwa kwa kuacha shata wazi dakika kadhaa. Ilikuwa na chengachenga, fokasi yake ilikuwa nyembamba, na kijani chake kilikuwa dhaifu kuliko chochote tulichokuwa tumekitengeneza. Katika toleo la pili picha hiyo ilichukua nafasi ya yetu, na yetu ikahamia kwenye ukurasa mwingine kabisa, unaoeleza jinsi picha zinavyotengenezwa, ikiwa kando ya fremu yake ya msingi.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni uamuzi wa kuupiga mwanga msituni kwanza na kuiachia programu sehemu ndogo. Mwanga wa tochi ulipita ndani ya nyama ya kofia, ukaonyesha kunjo, ukaligusa zulia, ukapungua kwa umbali, vyote bila kuombwa. Kila kitu nilichokiongeza mezani ilinibidi nikifundishe sharti hilohilo kwa mkono, na kila mara niliposahau, picha ilinifichua. Nimekutana na wahariri wanaotengeneza mng'ao wote kwa programu kutoka picha ya mchana na kufanikiwa, lakini hao hutumia muda mwingi zaidi kuchora mwanga unaodondoka juu ya vitu vya jirani kuliko muda wanaotumia kwenye duara lenyewe. Anayeanza hufanya kinyume chake.

Fremu moja kwa kila kichwa, zilizopigwa gizani, zilikuwa uamuzi sahihi uliofikiwa kwa kuchelewa. Gharama yake ni kwamba upepo mdogo kati ya fremu huhamisha kofia kwa milimita moja, na fremu hazilingani tena. Siku ile hakukuwa na upepo. Hiyo ilikuwa bahati, na mtu asipange kazi yake akiitegemea.

Jinsi kiumbe kilivyotendewa nako kunastahili kutazamwa. Mpiga picha alilishika jani la mbele kwa kibanio badala ya kulikata, alitumia LED isiyo na joto la kutajika, na hakung'oa uyoga kuupeleka mahali pazuri zaidi. Kwa uyoga, tochi ya dakika chache haina madhara tunayoyajua. Ila mfululizo wake ulikuwa uhamie kwa vimulimuli, na hapo nilimshauri asubiri: vimulimuli wengi hutafutana kwa kujamiiana kupitia mimweko ya mwanga, na tochi katikati yao huvuruga mazungumzo hayo. Picha nyingi za vimulimuli waliojaa msituni ni fremu nyingi zilizounganishwa, zilizopigwa bila taa yoyote ya nyongeza, na njia hiyo ingempatia alichokitaka bila kuwasumbua.

Kilichoshindwa hasa ni safari ya maelezo. Mpiga picha aliyaandika; mimi niliyafuta; mchapishaji hakuyauliza. Ningependa kusema kosa liligawanyika sawa, lakini halikugawanyika hivyo. Mchapishaji alipokea faili lisilo na neno, na aliyekuwa na uwezo wa kuliwekea neno kwa gharama ndogo kabisa nilikuwa mimi. Picha ya kawaida ikipoteza maelezo yake hubaki karibu na ukweli, kwa kuwa jani ni jani. Mng'ao ni tofauti, kwa sababu unadai kitu kuhusu mwili wa kiumbe, kwamba kinazalisha mwanga, na dai hilo ni la kibayolojia hata kama aliyelitengeneza alikusudia njozi tu. Tena kadiri mng'ao unavyotengenezwa vizuri ndivyo dai lake linavyoaminika. Mshono, pete na ile stika ya machungwa vingemfanya mtu wa mpangilio asite. Tulikuwa tumetumia wiki nzima kuziondoa dalili hizo moja baada ya nyingine.

Kuna kisa maarufu kinachofaa kuwekwa kando ya hiki. Katika shindano la Wildlife Photographer of the Year la mwaka 2017, linaloendeshwa na Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la London, picha moja iliyoshinda katika kundi lake ilionyesha mla-sisimizi mkubwa akikaribia kichuguu kilichojaa nukta za mwanga katika Hifadhi ya Emas nchini Brazil. Mwaka 2018 waandaaji waliifutia ushindi baada ya wataalamu kuhitimisha kwamba mnyama yule alikuwa mfu aliyekaushwa na kujazwa. Mpiga picha alikana. Nukta za mwanga hazikuwa na ubishi, kwani mabuu ya mbawakawa wanaoishi kwenye vichuguu vya hifadhi hiyo hung'aa kweli. Pale mwanga ulikuwa wa kweli na shaka ikamwangukia mnyama; kwetu uyoga ulikuwa wa kweli na uongo ukawa kwenye mwanga. Mtazamaji hawezi kuvitenganisha kwa kutazama tu, na mashindano mengi ya picha za maumbile hudai faili ghafi kwa sababu hiyohiyo. Picha yetu ingeingia kwenye kundi la picha za ubunifu bila tatizo, na ingeondolewa kwenye lolote jingine.

Kuhusu rangi nina maoni ambayo mpiga picha hakubaliani nayo. Alichagua machungwa kwa sababu huleta joto dhidi ya ubuluu wa jioni, na kwa macho hakuna ubishi kwamba alifaulu. Lakini kwa mfululizo wa njozi, machungwa yana faida nyingine ambayo hatukuifikiria: kwa anayezijua kuvu, ni rangi inayotangaza yenyewe kwamba huu si mwanga wa uyoga. Mtaalamu yule aliligundua jambo hilo mara moja. Tungechagua kijani cha nanomita 520, huenda barua yake isingeandikwa, na kijitabu kingebaki shuleni na picha yake. Mpiga picha anasema rangi haiwezi kubebeshwa kazi ya maelezo, kwa kuwa mwanafunzi hajui rangi ya kuvu. Sijapata jibu la kumtosha, ila sasa naiona machungwa ile kwa jicho jingine.

Utaratibu wetu ulibadilika katika mambo machache. Mpangilio wangu wa kupunguza faili haufuti tena taarifa za ndani. Jina la faili lina neno "tochi" na neno "mchanganyiko" kabla ya namba, ingawa wateja wengi hulibadilisha jina hilo siku ya kwanza. Kwa hiyo fremu ya msingi, ile ya uyoga wa kahawia kwenye gogo lenye giza, hutumwa pamoja na picha iliyokamilika katika bahasha moja, na mteja huulizwa picha itakaa juu ya maneno gani. Mteja wa mwisho kuiomba alijibu kwamba anaitaka kwa jalada la daftari. Alipewa zote mbili.